Pampu ya stelingi ya used: ile inayong'aa na ile chafu, uchukue ipi?

Wakuu, juzi nilikuwa Gerezani, kule Dar kwenye maduka ya spea, na shemeji yangu, Noah yake SR40 ile old model ilikuwa inalia stelingi karibu mwezi mzima, na muuza spea akatuwekea pampu mbili mezani, zote za injini ya 3S, zote bei moja. Moja inang'aa, imepuliziwa rangi ya silva, ukiiona utadhani imetoka kwenye boksi asubuhi ile. Nyingine chafu, vumbi limegandia kila kona, ila tundu zake za kuingiza na kutoa oili zimezibwa na vifuniko vya plastiki. Mkono wa shemeji ukaenda moja kwa moja kwenye inayong'aa, na muuzaji naye "bosi hiyo safi kabisa, ya Japani hiyo". Nikamwambia shemeji subiri kwanza, weka chini.

Nilimzuia kwa sababu mimi nilishapigwa hivyo hivyo. Nilikuwa na Mark II GX100, nikanunua pampu safi imeoshwa na petroli mpaka unajiona sura yako, nikafunga, wiki mbili hazijaisha oili inachuruzika nyuma ya puli (lile gurudumu linalozungushwa na mkanda), mkanda umeloana, kila nikikata kona gari inapiga kelele mtaa mzima unageuka. Kurudisha nikaambiwa gerentii ilikuwa siku tatu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba ile dalili ilikuwepo kwenye pampu tangu siku ya kwanza, ni vile tu mtu alishaiosha ikaondoka. Pampu ya used uchafu wake ndio historia yake, ukishaoshwa umebaki na neno la muuzaji tu.

Sasa kabla hata hujatoka nyumbani kwenda kutafuta pampu, hakikisha kweli ugonjwa ni pampu, manake nimeona watu wanabadilisha pampu mbili tatu wakati tatizo ni mpira wa bei ya soda. Sikiliza mlio wenyewe. Ukikata stelingi mpaka mwisho ukasikia "kwiiii" kali, hasa asubuhi au mvua ikinyesha, huo ni mkanda, umelegea au umeisha. Ukisikia mvumo wa "uuuu" unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta, na unazidi ukizungusha usukani, hapo ni pampu AU ni hewa imeingia, na hivi viwili watu wanavichanganya sana. Fungua kopo la oili ya stelingi wakati injini inawaka, ukiona povu au oili imepauka kama chai ya maziwa basi hewa inaingia mahali, na mara nyingi inaingia kwenye ule mpira mnene unaotoka kwenye kopo kwenda kwenye pampu, au kwenye oringi ndogo (ringi ya raba) pale mpira unapoingilia. Upande ule pampu inavuta, haisukumi, kwa hiyo tundu dogo linaweza kuwa linanyonya hewa na nje usione tone la oili hata moja. Wenye Honda wanaijua sana hii habari ya oringi. Badilisha hiyo kwanza.

Stelingi ikiwa nzito gari ikiwa sailensa, yaani injini inawaka bila kukanyaga mafuta, alafu inakuwa nyepesi ukikanyaga mafuta, hiyo inaelekea pampu imechoka au mkanda unateleza. Ikiwa nzito kwenda upande mmoja tu na upande wa pili nyepesi, angalia reki (ile inayosukuma matairi ukikata usukani), pampu haijui kulia wala kushoto, inasukuma oili tu. Na wenye Vitz, IST, Passo, Prius, nyingi ya hizo stelingi zake ni za umeme, hakuna pampu ya oili wala kopo, fundi akikwambia pampu ya haidroliki imekufa kwenye gari ya stelingi ya umeme chukua funguo zako uondoke.

Ya shemeji tulipima tukajiridhisha. Mkanda mzima, oringi mpya, povu hakuna, lakini oili ilikuwa nyeusi, na tulipoichovya na kitambaa cheupe tukakipeleka juani ilikuwa inametameta. Hizo ni chembe za chuma. Tukapitisha sumaku ndogo, nyingine zikanata nyingine zikabaki, maana yake sehemu za chuma zinalika na bodi yenyewe ya alumini nayo inalika. Hiyo haina kurekebisha kwa mpira mpya.

Ili uelewe kwa nini naangalia vitu fulani na vingine naviacha, humo ndani kuna rota imechongwa mifereji, kila mfereji una kibapa chembamba cha chuma, vibapa kumi hivi, vinachomoka na kurudi vikisugua ringi ambayo haiko duara kamili, ina umbo kama la yai. Nafasi ikipanuka inavuta oili, ikibana inaisukuma, na kwenye gari ndogo presha ukikata mpaka mwisho inafika kama bar 70 mpaka 100. Vibapa haviguswi na kitu ila utando mwembamba wa oili. Ukiweka hewa, uchafu au oili isiyo yake, utando unakatika, chuma kinasugua chuma. Ndo yale tuliyoyaona kwenye kitambaa.

Haya turudi mezani, pampu mbili.

Cha kwanza nilichofanya ni kuangalia nyuma ya puli, kwenye uso wa bodi pale shafti inapotokea. Pale kuna oili sili, raba inayozuia oili isitoke. Sili ikiwa inavuja oili inatoka kidogo kidogo na puli inairusha inapozunguka, kwa hiyo inachora duara la tope la mafuta pande zote, ukiweka tochi unaliona kabisa. Ile pampu chafu pale nyuma ilikuwa na vumbi KAVU, vumbi la rangi ya udongo ambalo ukilipuliza linaruka, na sehemu nyingine kidogo utando mgumu wa zamani lakini hakuna duara. Hiyo ilikuwa haivuji kipindi inafanya kazi. Ile inayong'aa pale nyuma ni rangi ya silva tu. Labda ilikuwa kavu, labda ilikuwa inachuruzika, utajuaje? Huwezi. Na mtu aliyepata kazi ya kupulizia rangi mpaka nyuma ya puli alikuwa na sababu yake.

Cha pili ni pleyi, yaani kulegea kwa shafti. Shika puli kwa vidole viwili, itikise juu chini, kushoto kulia. Vitabu vya Toyota kwa pampu nyingi vinataka nafasi kati ya shafti na bushi isizidi milimita 0.07, huo ni unene kama wa unywele, maana yake ukiiona kwa macho au ukiisikia "ko ko" mkononi imeshapita siku nyingi. Hapa zote mbili zilikuwa sawa, nisiseme uongo. Kuingia na kutoka kidogo sana kwa shafti kwenye baadhi ya pampu si ugonjwa, ninachokiogopa ni kule kuyumba kwa pembeni, sababu shafti ikiyumba hata ukifunga sili mpya leo kesho inavuja.

Cha tatu kuzungusha, na hapa watu wengi wanaharakisha. Usizungushe mara moja ukasema safi. Zungusha polepole, mizunguko kumi, kwa upande ambao injini inaizungusha, alafu funga macho usikilize kidole. Pampu nzima ina uzito kidogo ulio sawa mzunguko mzima, unaweza kusikia vibapa vinadondoka "tik tik" ndani kama haina oili, hiyo kawaida. Mbaya ni kukwama sehemu moja ile ile kila ikizunguka, au kusikia kama mchanga. Ile ya silva ilikuwa nyepesi kupita kiasi, inazunguka kama feni, alafu mahali pamoja inashika. Ile chafu ilikuwa na uzito wake wa taratibu, na nilipoinamisha ikatoa matone mawili ya oili nyekundu. Nyekundu! Sio nyeusi, na nilipoinusa haikuwa na harufu ya kuungua. Nikayasugua yale matone kati ya vidole chini ya tochi, hayana chembe. Hapo ndipo shemeji akaanza kunielewa.

(Kuna mafundi wanamimina oili wanazungusha kwa mkono, isipotoa wanasema imekufa. Hapana. Ukizungusha taratibu vibapa vinaweza visichomoke vizuri sababu vinahitaji spidi ya kuvirusha nje, kwa hiyo ikitoa ni dalili nzuri, isipotoa usiihukumu bado.)

Tundu sasa. Hii kwangu ni nusu ya uamuzi. Pampu iliyokaa rafu miezi tundu ziko wazi, kwenye hewa ya Dar hii yenye chumvi, inaota kutu ndani, na kutu hiyo inashika kwenye vibapa na ringi pale pale palipolala. Nje bodi ni alumini haishiki kutu, inakudanganya. Piga tochi ndani ya tundu la kuvutia, ukiona rangi ya chungwa au vumbi, acha. Ile ya silva ilikuwa wazi, na ndani ya mdomo wa tundu kulikuwa na chembe za rangi ya silva, yaani walipulizia bila hata kuziba, hizo chembe zinaenda wapi ukiwasha gari? Zinaenda kwenye valvu, zinaenda kwenye reki. Ile chafu ilikuja na injini nzima kutoka nje, ikafunguliwa ikazibwa siku ile ile, muuzaji mwenyewe akatuonyesha injini ilipotoka, iko pale nyuma imelala na alama ya brakiti ya pampu bado mbichi. Ukipata pampu ambayo bado imefungwa kwenye injini yake na mipira yake yote, hiyo ni bora kuliko zote mbili, omba wakufungulie mbele yako.

Mshono nao uangalie, pale bodi inapoungana na kifuniko. Humo ndani inazibwa na oringi, haihitaji silikoni. Ukiona silikoni imetokeza, iwe nyeusi, nyekundu au ya bluu, kuna mtu aliifungua na hakuwa na sili zake akapaka gundi akafunga. Kipande cha silikoni kikikatika ndani kinaziba njia ya oili. Angalia na vichwa vya bolti kama vimeliwa na spana, na masikio ya kufungia kama yana ufa au yamechomelewa, rangi ya silva inaficha sana kuchomelewa. Kwenye ile iliyopuliziwa bolti mbili zilikuwa zimekwanguliwa chini ya rangi. Ilishafunguliwa hiyo.

Kuna kitu kingine ambacho sijasikia watu wakikisema na ni cha muhimu kwa Toyota za zamani. Baadhi ya pampu zina kivalvu kidogo chenye ncha mbili za kuchomekea mipira myembamba ya hewa, mipira hiyo inaenda kwenye intake, njia ya hewa ya injini. Kazi yake ni kuongeza sailensa kidogo ukikata kona gari ikiwa imesimama ili injini isizime. Kikifa ndani, injini inanyonya oili ya stelingi kupitia ile mipira na kuichoma, kopo linapungua, chini hakuna tone, nyuma bomba linatoa moshi mweupe, na mwenye gari anaambiwa aandae hela ya kushusha injini. Kwa hiyo pampu yako ikiwa na ncha hizo, ingiza pamba ya masikioni ndani ya kila moja. Ikitoka kavu sawa. Ikitoka imelowa nyekundu, hicho kivalvu kimekwisha, na kama kwenye gari yako kile cha zamani ni kizima unaweza kukihamisha, kwa hiyo usikimbie pampu kwa hilo peke yake, punguza bei.

Puli sio ya kupoteza muda, ikiwa imepinda au mifereji imeliwa weka ya kwako ya zamani.

Baada ya kulipa, na hii tuliiomba kabla ya kulipa na muuzaji akakubali, ukishafika gereji fungua ile union (kiungio) ya kutolea oili. Kwenye pampu nyingi za Toyota nyuma yake inatoka valvu na springi. Valvu hiyo ndiyo inayopima oili iende kiasi gani na kuachia presha ikizidi. Isafishe, ipake oili mpya, irudishe kwenye tundu lake bila springi uiachie. Inatakiwa iteleze ishuke yenyewe kwa uzito wake tu, taratibu, bila kusukumwa. Ikisita njiani kuna mkwaruzo au uchafu. Ya kwetu iliteleza vizuri mpaka fundi akaitoa akairudia mara tatu kwa kufurahia.

Sasa linganisha na njia nyingine mbili, sababu sio lazima used.

Kama pampu yako mwenyewe inavuja tu lakini hailii, oili haina chembe na shafti haina pleyi, usinunue pampu yoyote. Nunua kiti ya sili, yaani seti ya raba za kuzuia oili. Za Toyota za pampu namba zake zinaanzia 04446, usije ukapewa inayoanzia 04445, hiyo ni ya reki. Ukiifungua pitisha ukucha kwenye shafti pale sili inapokaa, ukucha ukinasa kwenye mfereji sili mpya haitashika, hapo ndio unarudi kwenye used. Na kama pampu inalia na oili inametameta, kiti haikusaidii kitu, ndani ya kiti kuna raba tu, hakuna vibapa wala ringi.

Mpya ya bei nafuu isiyo orijino, mimi siikatai. Faida yake ni kwamba haijawahi kuharibiwa na mtu na duka likiwa la kueleweka gerentii ipo. Wasiwasi wangu ni zile zisizo na jina la kiwanda popote, hujui valvu imewekwa kwa presha gani, unaweza kufunga ukapata stelingi nyepesi mno barabara kuu au nzito ukipaki. Kwangu mpangilio ni huu: used iliyokauka, iliyozibwa, yenye oili safi ndani, naichukua mbele ya mpya isiyo na jina. Lakini ukizunguka maduka yote zimeoshwa na kupuliziwa rangi, nunua mpya yenye gerentii, usichague kati ya historia mbili zilizofutwa.

Kidogo kuhusu kufunga, sababu pampu nzuri inauliwa siku ya kwanza. Mwaga oili yote ya zamani, suuza kopo na mipira, kile kichujio cha chini ya kopo kioshe, la sivyo chembe za pampu iliyokufa zinaingia kwenye mpya yako na unairudia safari. Oili weka iliyoandikwa kwenye kifuniko au kitabu, Toyota nyingi za aina hii zinakula ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) Dexron II au III, Honda ina yake, na baadhi ya za Ujerumani zinatumia ya kijani ambayo haichanganywi na nyekundu. Oili ya breki usiweke kamwe, inalainisha raba zote mpaka reki. Alafu inua matairi ya mbele, injini IMEZIMWA, zungusha usukani mwisho kwa mwisho mara nyingi taratibu huku unajaza kopo, ndio uwashe. Mafundi wanawasha kwanza, pampu inakunywa hewa kavu dakika nzima inalia, hapo umeshakula vibapa. Na ukikata mpaka mwisho usishikilie, sekunde chache tu uachie, kule mwisho presha iko juu kabisa na oili inachemka.

Kipimo cha mwisho tulichofanya kwa Noah, na ukifanye siku hiyo hiyo wakati gerentii bado iko mkononi: gari ikiwa imepata moto, iache sailensa, weka alama ya kalamu pale oili ilipofika kwenye kopo, alafu zima injini uangalie. Oili itapanda kidogo. Ikipanda zaidi ya milimita 5 bado kuna hewa ndani, rudia kuzungusha. Ya shemeji mara ya kwanza ilipanda kama upana wa kidole, tukarudia tena, mara ya pili ikasogea juu ya alama kidogo sana, na ule mvumo ukawa umekata kabisa. Tukairudisha Gerezani muuzaji aisikie mwenyewe.